Mkono wa Gramafoni ya Karungu

Mimi sikusoma. Shule niliiona kwa nje, nayo ikaniona kwa nje, tukaheshimiana. Lakini mbao nazijua. Na miaka hiyo ya tisini, pale Migori, mbao ilikuwa inaisha kabla haijakauka, maana watu walikuwa wanakufa kama wameitwa mkutano. Nilitengeneza majeneza mpaka nikilala naota napima watu. Ukija kunisalimia, macho yangu yanaanza kwa mabega, yanashuka kwa miguu, ndio nakumbuka kusema habari. Ikafika mahali watu wananisalimia wakiwa wameketi.

Sasa siku moja akaja mama mmoja amebeba kitu kwa leso, amekikumbatia kifuani. Mimi nikajua ni mtoto. Nikapima kwa macho tu, nikaona kipande cha mbao kilichobaki kitatosha. Akafungua leso pole pole. Kumbe ni gramafoni, ile ndogo ya kutumia mawe ya tochi, ya kubeba kama sanduku la mwanafunzi. Ule mkono wake unaoshika sindano ulikuwa umevunjika shingoni, unaning'inia kwa waya.

"Fundi, huyu atapona?"

"Mama, mimi naletewa waliokwisha. Mgonjwa peleka kwa fundi wa redio."

"Nimetoka huko. Amesema mkono kama huu hauko Kenya nzima. Nitafute mkono mwingine wowote, na mtu wa mbao wa kuutengenezea mahali."

Nikampa kiti, akanieleza. Bwana yake alikuwa mvuvi wa Karungu, na alikuwa anapiga gitaa. Aliwahi kwenda Kisumu na wenzake wakatoa santuri moja, hiyo moja tu. Halafu ziwa likamchukua, na halikumrudisha. Wakatafuta mpaka samaki wakawazoea. Sasa kwa Wajaluo, mtu akipotea majini hivyo, watu wake wanakata tunda la mti wa yago, lile refu linaning'inia kama mguu wa mtu, wanalizika mahali pake. Linalazwa kaburini, linaliliwa, linafunikwa. Kila mtu alilia isipokuwa mama ya marehemu.

"Alisimama pale kaburini akasema, mimi sikuzaa tunda. Akaenda zake jikoni. Mpaka leo hajatoa chozi. Jioni anamwekea samaki yake kwa sahani, anafunika. Asubuhi anampa paka."

"Paka huyo lazima ni mnene."

"Fundi, ni kama ndama." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Sasa mama hajalia, msiba haujaisha. Msiba haujaisha, hakuna mwanaume anaweza kugusa paa yangu. Nyumba inavuja mpaka kuku wamejua kuogelea. Mimi siko hapa wala siko pale. Nataka asikie sauti. Akisikia sauti na mwenyewe hayuko, labda atalia."

"Na jirani hana gramafoni?"

"Anayo, lakini mama amekataa. Anasema mtoto wake haimbi kwa nyumba za watu."

Basi nikaichukua kazi. Mkono niliupata Homa Bay, kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa na radiogramu kubwa kama ng'ombe amelala. Ilikufa zamani, ndani kuku walikuwa wanataga. Nikamtengenezea mlango wake, akaniachia mkono. Niliurudisha Migori ndani ya shati, na nakuambia njia yote ule mkono ulikuwa baridi, jua lile la kukaanga mayai juu ya kichwa cha mtu, na wenyewe baridi. Nikitikisika, unanigonga hapa kifuani. Unanyamaza. Unagonga tena.

Shida ni kwamba ulikuwa mrefu. Ukiuweka mahali pa ule wa zamani, sindano inapita katikati ya santuri inaenda shambani. Lazima usogee nyuma, na nyuma hakuna sanduku. Kwa hivyo nikang'oa mashine na sahani yake, nikaamua kujenga sanduku jipya. Mbao nzuri zote zilikuwa zimeenda chini ya ardhi na wenyewe. Kilichobaki ni mbao kadhaa nyeupe, nyepesi, mtu wa upande wa ziwa aliniletea kwa mkokoteni akaniachia, na hakuna mteja aliwahi kuziuliza. Nikazipiga randa, zikatoka laini kama shavu la mtoto. Nikapima kwa uzi kutoka katikati ya sahani, nikatoboa tundu, nikachonga kigingi cha kuinua mkono, maana ulikuwa unakaa chini kama unaona aibu. Nyuma yake nikafunga risasi ya wavu wa kuvulia iwe uzito. Risasi ikizidi, sindano inaruka kama mbuzi. Ikipungua, sindano inalima wimbo wote. Niliongeza hiyo risasi na kuikata kwa meno mpaka meno yenyewe yakawa mazito. Mwisho vanishi, nikapaka mpaka nzi akitua anateleza.

Saa ya kujaribu nilikuwa peke yangu na majeneza mawili ya kuchukuliwa kesho. Nikaweka santuri, nikashusha sindano. Kabla ya gitaa, mtu akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha mtu anasafisha koo ili aanze. Mimi nikasema, "Karibu." Nikageuka kuangalia mlango. Hakuna mtu. Halafu gitaa ikaingia, na yule bwana akaanza kuimba Kijaluo, sauti nyembamba, kama anaimba huku anavuka mto. Nikaweka kidole kwa sanduku, spika ikasema du. Nikaondoa kidole. Spika ikasema du. Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, hata mke wangu ananiambia, lakini hiyo du ya pili sikuiongeza. Nilienda nyumbani nikaacha duka wazi. Hakuna mwizi aliingia.

Yule mama alipokuja kuichukua, tukaenda naye Karungu, maana gramafoni ya mkono mrefu haiwekwi tu hivi hivi, lazima ikae sawa kama maji kwa beseni. Tukafika mchana. Yule mzee wa kike, mama mkwe wake, alikuwa ameketi mlangoni, macho yake yana ukungu.

"Huyu ndiye fundi Mkuria?"

"Ndiye, dani," nikajibu, maana bibi mzee kwa Kijaluo ni dani.

"Kwanza rudisha ng'ombe zetu Wakuria mlizoiba, ndio uingie."

"Dani, zilizeeka zikafa. Nimekuletea muziki."

"Ng'ombe zangu kwa muziki. Sawa, ingia, mwizi."

Nikaweka gramafoni juu ya meza, nikaweka vipande vya katoni chini ya pembe moja mpaka ikatulia. Mzee akasogea akaanza kuipapasa. Akapita juu kwa vanishi, akashuka pembeni, akaingiza mkono chini, mahali sikupaka. Hapo vidole vyake vikasimama. Akakwaruza kwa ukucha. Akanusa ukucha.

"Huu mti ulitoa wapi?"

"Ni mbao tu, dani. Mtu aliniletea."

"Baba yao alikuwa anachonga makasia na huu mti. Huu ni yago."

Mkwe wake akaweka mkono mdomoni akatoka nje. Mimi nikabaki. Huo mti ukiwa umesimama na matunda yake naujua, hata mbuzi anaujua. Lakini ukishapasuliwa, mbao ni mbao. Nani angeniambia kwamba nimechukua sauti ya mtu nikaifungia ndani ya mti ule ule walizika tunda lake wakasema ndiye yeye? Jasho likanitoka mpaka nikahisi viatu vimekuwa vikubwa.

"Dani, nitairudisha. Nitatengeneza sanduku lingine, hata la mvule."

"Weka sindano."

"Dani..."

"Wewe si umekuja kuleta muziki? Weka."

Nikaweka. Yule bwana akakohoa kile kikohozi chake. Yule mzee hakuegemea spika. Aliegemea ubao, akaweka sikio lake pale kwa mbao na kufunga macho. Akakaa hivyo wimbo wote. Ulipoisha, na santuri inazunguka bure, sindano inakwaruza, bado hakuondoa sikio.

"Mimi nilisema tunda haliwezi kuwa mtoto," akasema. Alikuwa anaongea na ubao. "Nilikuacha huko peke yako. Kumbe ulikubali kuingia."

Halafu akalia. Kilio kilianza chini sana, kama mtu anasukuma mtumbwi kwa changarawe, kikapanda. Mimi nimekaa misiba mingi, ni kazi yangu, lakini kilio kilichongoja miaka sijawahi kukisikia tena na sikitafuti. Mbwa walilala chini. Majirani wakaja mbio, na wao wakaanza, wanaume kwa wanawake, kama mtu amekufa asubuhi hiyo. Kule nje, yule mkwe alikuwa ameketi kwa majani, analia bila sauti.

Alipotulia, mzee akasema, "Sasa tumpeleke kwake."

Tukaelewa wote. Sanduku, mkono, santuri, kila kitu, kaburini, kando ya lile tunda.

"Mama," mkwe akasema kutoka mlangoni, "hata santuri?"

"Sauti ibaki nje ifanye nini? Izunguke tu?"

Mkwe alikuwa amepata kile alikuja kutafuta kwangu Migori, na sasa kilio hicho kinamdai sauti yenyewe. Akaingia, akasimama kando ya meza.

"Upande wa pili hatujausikia," akasema.

Mzee akasema, "Huo ni wako. Sikiliza. Sisi tutangoja."

Watu wakatoka. Mimi nikageuza santuri, nikashusha sindano, nikataka kutoka, mkwe akaniambia nikae, mashine isije ikasumbua. Ulikuwa wimbo wa pole pole, na katikati bwana alikuwa anataja mwanamke, si kwa jina, kwa mwendo wake. Nilijua kwa sababu mkwe aliangalia miguu yake mwenyewe. Halafu mawe yakaanza kuisha. Sauti ikashuka, ikawa nzito, ikawa ya mtu mkubwa zaidi, ya mtu aliye chini zaidi, neno moja likavutwa, likavutwa, sahani ikasimama.

Duka la mawe lilikuwa pale chini barabarani, ukipiga kelele muuzaji anasikia. Nilimwangalia. Hakunituma.

Akanyoosha kidole, akauinua ule mkono mwenyewe, akaulaza mahali pake.

Akashika sanduku upande mmoja. "Beba huo upande mwingine, fundi," akasema.