Waraka Uliotoka Jumatano

Kwa miaka sita waraka wa Eufrasia Magesa ulitoka Ijumaa, saa nne asubuhi, na watu wa Kahama waliouzoea waliusoma pamoja na chai. Walikuwemo wakuu wa shule, waganga wafawidhi, wenyeviti wa vikundi vya wachimbaji, wenye mashine za kukoboa mpunga, na hata paroko mmoja aliyedai anaufuata kwa ajili ya Kiswahili chake tu. Uliwafikia kwenye simu zao, watu mia nne na ushee, na haukuzidi ukurasa mmoja. Habari zake zilikuwa za kazi: jinsi mkuu anavyoweza kuiua ofisi kwa vikao, kwa nini barua ikipita meza saba hurudi bila jibu, mashine ipi inamsaidia mfanyakazi na ipi inamsaidia muuzaji wake. Aliuandika kwanza kwa kalamu kwenye kaunta buku, mezani kwake Nyasubi, kisha akauhamishia kwenye simu kwa kidole kimoja. Kompyuta alikuwa nayo. Alisema inamfanya aandike kama wizara.

Kwa wanaopenda majina makubwa, yeye ni mshauri wa uendeshaji wa taasisi. Mama yake mzazi, kule Bukombe, aliwaeleza majirani kwamba binti yake analipwa kuwaambia watu wazima mambo wanayoyajua, na Eufrasia hakuona kosa katika maelezo hayo. Kabla ya hapo alikaa miaka kumi na moja kwenye ofisi ya wafanyakazi ya mgodi mmoja mkubwa. Mgodi ulipofunga kazi, yeye ndiye aliyeandika barua za kuwaaga wenzake, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja. Akaiandika vizuri, akaisaini, akajikabidhi mwenyewe, akaenda sokoni kununua dagaa.

Hakuwa mtu wa kujishusha. Alijua kazi yake na alitaka ijulikane kwamba anaijua. Mwenye kinu kimoja cha mpunga Shinyanga alipofunga mashine ya kusoma alama za vidole, ili kujua nani kaja na nani hakuja, wapagazi wote walionekana watoro mwezi mzima. Aliyeonekana kufika kila siku ni tajiri peke yake. Wataalamu wawili walikuja na mikoba yao wakaondoka. Eufrasia aliwashika wapagazi mikono, mmoja mmoja, akakuta vidole vimelainishwa na magunia hadi havina mistari. Waraka wa Ijumaa ile ulisomwa mpaka Geita, na tangu siku hiyo hakutafuta kazi tena. Kazi ndiyo iliyomtafuta.

Ndivyo alivyofika kwa Kikundi cha Riziki Mwamba, nje kidogo ya Runzewe. Walikuwa wachimbaji wadogo wenye duara moja refu, yaani shimo la kuingilia chini kwenye mwamba, na shida yao ilikuwa baruti. Kila alasiri, kabla ya kulipua, ilibidi ijulikane kwamba chini hakuna mtu. Fundi baruti, Cornel, mtu mkimya kutoka Sengerema, alisimama mdomoni mwa duara akaita majina yote thelathini na nane, na kila mmoja akaitika kwa kinywa chake. Asiyeitika aliulizwa, akatafutwa. Mara nyingine mtu alikuwa ameenda kununua vocha, na wote wakamsubiri. Dakika arobaini zilipotea kila siku.

Eufrasia alikaa nao wiki mbili, akaja na kadi. Kila mchimbaji akapewa yake ya kuvaa shingoni, na kwenye nguzo pembeni ya duara kikafungwa kifaa kidogo: ukiingia unagonga kadi, ukitoka unagonga tena. Cornel akapewa simu inayoonyesha namba moja tu kubwa, idadi ya walioko chini. Namba ikisoma sifuri, analipua. Siku za mwanzo kadi zilipotelea kwenye tope huko chini, kwa hiyo Eufrasia akaagiza kitundikwe ubao pale juu, kadi zining'inie hapo, kila mtu aichukue yake, agonge na kuirudisha, anapoingia na anapotoka. Tatizo likaisha. Dakika arobaini zikawa sita.

Aliliandika hilo kwenye waraka wa Ijumaa, na hakujizuia. Aliuita "Dakika Sita", akaeleza kadi na ubao hatua kwa hatua, akamalizia kwamba teknolojia nzuri ni ile inayomwacha mtu awahi kwake jua lingalipo. Boaz, mwenyekiti wa Riziki Mwamba, aliusambaza kila mahali. Muungano wa vikundi tisa ukatuma ujumbe kwamba Alhamisi wataleta watu wao Runzewe waone, na wakiridhika wampe Eufrasia kazi ya maduara yote tisa. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima, kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, naye aliitaka bila kuona haya.

Jumanne alikwenda kukagua, ili wageni wakute kila kitu kimekaa sawa. Alifika saa tisa, akawaamkia wakubwa, akaamkiwa na wadogo, akanywa soda chini ya turubai la kikundi. Saa kumi wachimbaji wakaanza kupanda, wakagonga kadi zao, tii, tii, mstari ukaenda bila msukumano. Alitazama saa yake: dakika tano na nusu. Cornel akainua simu amwonyeshe. Sifuri. Akainama kuuchukua waya wa baruti.

Eufrasia alifurahi, na alikuwa tayari kuondoka. Lakini hakuwa amemsalimu Mzee Masele, fundi wa matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara zisianguke. Mzee huyu alikuwa amepita miaka sitini, wote pale wakimwita namhala, jina ambalo Wasukuma humpa mzee wa heshima. Kwenda Runzewe na kurudi bila kumwamkia namhala ni utovu wa adabu ambao mama yake angeusikia kabla hajafika Kahama. Akamuuliza Januari, mchimbaji aliyekuwa ananawa miguu karibu yake.

"Baba Masele yuko wapi? Sijamwamkia."

"Anakuja, mama. Bado anapanda."

"Anapanda kutoka wapi?"

"Chini," akasema Januari, akaendelea kunawa.

Eufrasia hakumbuki alitamka nini. Wengine wanasema aliita jina la Cornel, wengine wanasema alimrukia. Anachokumbuka ni mkono wake mwenyewe juu ya mkono wa Cornel, na waya katikati. Wakasimama hivyo mpaka kofia ya Mzee Masele ilipotokeza mdomoni mwa duara, na yeye mwenyewe nyuma yake, akipumua polepole na kulalamikia magoti.

"Shikamoo baba," akasema Eufrasia.

"Marahaba mwanangu. Mbona mmenyamaza?"

Mambo yalikuwa hivi, na hayakuhitaji mtaalamu kuyafumbua. Kazi ya Mzee Masele ni kukagua matimba watu wakishapanda, kwa hiyo kila siku yeye hutoka wa mwisho. Siku za mwanzo alipotoka alikuta foleni kwenye nguzo, akasimama nyuma ya vijana walioweza kuwa wajukuu zake. Vijana wakaona aibu. Mahali pale namhala hapangi foleni: kisimani huchotewa, zahanatini husogezwa mbele, na kwenye pombe hupewa kigoda kabla hajaomba. Basi aliyewahi kupanda akawa anaichukua kadi ya mzee ubaoni, anamgongea, ili akitoka aende zake kupumzika. Hakuna aliyefikiri anafanya kosa. Walimgongea kwa zamu, na Januari alikiri kwamba walikuwa wakigombea nani amfanyie.

Zamani, Cornel alipoita majina, jambo hilo lisingewezekana. Mtu hawezi kumwitikia mwenzake kwa heshima. Eufrasia aliliona hilo akiwa bado amesimama pale, na aliona pia kwamba ubao uliokuwa ukizitoa kadi shingoni mwa watu na kuziweka mikononi mwa wengine ulikuwa wazo lake. Akaketi kwenye gogo.

Boaz alimfuata hadi kwenye gari. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwenyekiti. Alimweleza kwa upole kwamba mzee ni mzima, Mungu ashukuriwe, na kadi zitarudi shingoni kesho asubuhi. Tatizo liko wapi tena? Alhamisi wageni wanakuja. Mambo ya ndani yabaki ndani, na waraka wa wiki hii unaweza kuzungumzia kitu kingine, kwa mfano umuhimu wa likizo. Eufrasia alimwambia atafikiri. Njia nzima mpaka Kahama alifikiri, na kusema kweli, karibu akubaliane naye. Kosa limeonekana, limerekebishwa, hakuna aliyeumia. Kwa nini mtu ajivue nguo barabarani? Kazi ya mwaka mzima ilikuwa pale, imebaki siku mbili, na jina alilolijenga kwa miaka sita lilikuwa safi.

Jumatano asubuhi, chai ikiwa bado moto, ikaingia picha. Ilitoka kwa Rebeka, katibu wa kikundi kingine cha wachimbaji upande wa Bugarama, mwanamke ambaye Eufrasia hajawahi kukutana naye. Picha ilionyesha ubao uliopigiliwa misumari, na kwenye misumari kadi zilizokatwa kwenye maboksi, majina yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Chini yake Rebeka aliandika kwamba mashine hawana, lakini waraka waliuelewa vizuri: anayetoka anaigeuza kadi yake, na zikigeuka zote fundi analipua. Walianza Jumatatu. Alimshukuru sana, akasema sasa wanamaliza kwa dakika nane.

Eufrasia aliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Kumbe kadi za Runzewe zingerudi shingoni, Boaz angefurahi, wageni wangeridhika, na Bugarama watu wangeendelea kugeuziana vipande vya boksi. Na kama Bugarama wameiga, ni wapi kwingine? Watu mia nne na ushee, na kila mmoja ana wa kumtumia. Aliogopa kuliko alivyoogopa jana, kwa sababu jana waya ulikuwa karibu, angeweza kuushika.

Hakungoja Ijumaa. Hata kaunta buku hakuifungua. Aliandika moja kwa moja kwenye simu, kwa kidole chake kimoja. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, naye hakutafuta maneno mengine ya kujipa moyo. Aliandika:

"Ndugu zangu, leo si Ijumaa, na someni hadi mwisho kabla ya kufanya jambo lolote. Wiki iliyopita niliwafundisha ubao wa kadi. Niliwafundisha vibaya. Jana mfumo wangu ulisoma sifuri na chini kulikuwa na mtu. Hakufa, lakini si kwa sababu ya mfumo wangu. Wenzake walimgongea kadi kwa heshima, kwa kuwa ni mzee, na ubao niliouweka mimi ndio uliowapa kadi yake. Aliyeiga, ausimamishe leo. Rudini kwenye majina: kila mtu aitwe, aitike kwa kinywa chake. Asiyeitika, msilipue. Na mzee wenu awe wa kuitwa mwisho, wote wamsubiri hapo mdomoni mpaka aseme mwenyewe kwamba ametoka. Hiyo ndiyo heshima yake. Dakika zilizobaki, acheni zipotee."

Jina lake akaliandika chini kwa kirefu, Eufrasia Magesa, Kahama. Akatuma saa tatu na dakika kumi.

Boaz alipiga simu kabla ya saa nne, na hakuwa mpole tena. Muungano nao uliandika kwamba safari ya Alhamisi imeahirishwa, bila kutaja imeahirishwa mpaka lini. Eufrasia aliwajibu wote wawili kwa adabu, akawaambia yuko tayari kuja kurekebisha duara lolote kwa nauli tu, na kwamba bado hajaona mtu mwingine katika mkoa mzima wa kuifanya kazi hiyo vizuri kumpita yeye. Alilisema hilo kwa sababu alikuwa analiamini, na kwa sababu anayejua kosa liko wapi ameshapita nusu ya njia. Kisha akakaa mbele ya simu akisubiri neno kutoka Bugarama.

Lilikuja saa tano kasoro robo.

"Mama, tumesoma," aliandika Rebeka. "Kwetu ni Mzee Herman. Yeye ndiye wa pampu ya maji, hutoka wa mwisho. Tumekuwa tukimgeuzia tangu Jumatatu, na sisi hulipua saa tano."

Eufrasia alisimama na simu mkononi. Akaandika, akafuta, akaandika tena maneno matatu: "Yuko wapi sasa?"

Akasogea dirishani kungoja. Alihesabu madirisha ya nyumba ya jirani, akayarudia. Dakika nne zikapita, na hakuna dakika alizowahi kuzisimamia katika kazi yake zilizokuwa ndefu hivyo.

Simu ikalia. Rebeka alikuwa akihema kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Tumesimamisha baruti, nimekwenda mpaka mdomoni mwa duara nimemwita," akasema. "Ameitika mwenyewe, mama. Nimesikia sauti yake."