Kibao cha Mulango wa Kushoto

“Mama Given, ule mutu anaficha silaha chini ya kitanda,” Débora alimwambia Marthe akimwaga maji ya mihogo. “Kila asubuhi tunasikia tu anagonga kitu, ti, ti, ti. Polisi wakikuja watatubeba sisi wote. Mihogo ikimalizika, mi naenda ku biro ya kambi.”

Marthe aliangalia nyumba ya Félix ng’ambo ya njia. Tangu wapewe viwanja hapa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, Félix alikuwa jirani yake, na Marthe alikuwa amemtazama sana. Wamama wote wanagonga chungu kabla ya kukinunua. Félix aligonga hata vyungu asivyovitaka. Akisema “hiki kimekufa,” muuzaji alimtukana, lakini siku ya pili chungu kilivuja.

Marthe akamfunga mutoto mgongoni, akavuka njia.

“Papa Félix, wanasema uko na silaha, wanataka kuenda ku biro.”

“Débora huyo!” Félix alicheka kidogo, kisha akaingia ndani na kutoka na kitu kizito ndani ya gunia. Kilikuwa kibao. Mbele kilikuwa kigumu kama chungu kilichokolea moto. Nyuma, nguo ngumu zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka. Katikati palikuwa na tundu.

“Hii haiko silaha. Hii ilikuwa ya kuzuia masasi ya bunduki.”

Kule Congo alikuwa fundi wa motokari za jeshi. Motokari ilivalishwa vibao hivi, kila kimoja na buloni zake za kukifunga. Kimoja kikiharibika, unafungua kile tu, unafunga kingine. Uso wa mbele unavunja risasi, nguo za nyuma zinadaka vipande. Lakini uso unaweza kupasuka, rangi ikaficha ufa. Kwa hiyo fundi anagonga na spana: kizima kinalia, kilichopasuka kinajibu kama mutu mwenye mafua.

“Siku moja shefu, mukubwa wetu wa jeshi, alipiga kelele, motokari iondoke mbio. Niligonga vyote, kimoja tu sikugonga. Cha mulango wa kushoto, hiki hapa ninachogonga kila asubuhi.” Akapitisha kidole kwenye tundu. “Dereva alikuwa Pitchou.”

Marthe akashika mguu wa mutoto wake. Pitchou alikuwa marehemu bwana ya Jeanine, yule muuzaji wa chisense, samaki wadogo wakavu, aliyefika mwezi uliopita. Jeanine husema kila mara kwamba Mungu ndiye aliyependa. Na kila juma Félix hununua samaki kwake, anarudi bila kusema neno.

“Débora akifika ku biro, Jeanine atasikia kwa midomo ya watu,” Félix alisema. “Hapana. Atasikia kwangu, leo hii. Akiniita muuaji, nitaitika. Akinifukuza, nitafunga mizigo.”

Akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akabeba kibao begani.

“Mama Given, unisindikize. Usiseme kitu. Ukisikia ninaanza habari ya mvua, habari ya samaki, unigonge hapa mgongoni. Unigonge tu, mpaka nifike kwa mulango wa kushoto.”