Bwana Anamngoja Yaya

Jumanne jioni nilikaa nyuma kwenye darasa la Kiingereza la watu wazima, hapa Tanga. Mwalimu alikuwa akifundisha "wait for", yaani kungoja. Mifano yake ubaoni ilikuwa ya namna moja tu: mpishi anamngoja bwana, dereva anamngoja bibi.

Akainuka mama mmoja, yaya wa Raskazone kwenye majumba ya matajiri, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka: bwana anamngoja yaya.

"Sentensi ni sawa, mama," mwalimu akasema, "lakini jambo hilo halitokei. Igeuze."

Yule mama akakaza kanga kiunoni. "Mwalimu, barazani kwao nimengoja mpaka nimeota mvi. Humu darasani na wangoje wao."

Akaketi. Mwalimu akabaki na chaki mkononi, akingoja tucheke.

Angali anangoja.