Eduvina na maksai wake waja kuiokoa nyumba ambayo mwenyewe hakuomba iokolewe

Saa mbili asubuhi, na giza la Julai, mwezi wa baridi huku kusini, bado halijaondoka vizuri kijijini Quiñehue. Eduvina Chiguay anapita ufukoni akiwatangulia maksai wake wawili, Clavel na Lucero, fimbo begani, mabuti yamejaa matope. Nyuma yake wanakuja majirani na jozi nyingine za maksai, minyororo, na magogo mawili marefu.

Redio imeshasema. Upepo wa kaskazini unaingia kisiwani Chiloé kesho, na utakutana na maji ya bamvua. Mashua zote Eduvina amezivuta juu tangu jana. Ndiyo kazi inayomlisha tangu afiwe na mumewe, ingawa malipo yake mara nyingi ni ndoo ya samaki na ahadi.

Imebaki nyumba moja, ya Belarmino Nahuelquín, mgane wa miaka sabini na tisa. Ni ya mbao, imesimama juu ya nguzo pale pale maji yanapofika. Mwaka jana bahari ilichukua ngazi. Mwaka huu nguzo mbili zinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Mzee Belarmino!" Eduvina anaita. "Zima jiko, tunakuhamisha!"

Mlango unafunguka kidogo. "Nani kawaita?"

Nyumba hapa huvutwa nzima na maksai, kwa ujima, na ujima una adabu yake. Mwenye nyumba hupita mlango kwa mlango, akaketi, akanywa mate, ile chai chungu ya huku, akaomba kwa kinywa chake. Akishaomba, hakuna wa kumkatalia. Belarmino hakuomba. Aliyezunguka kwenye milango ni Eduvina, kwa huruma zake, bila hata kumwambia mwenyewe.

"Mimi si ombaomba," anasema mzee. "Rudisheni maksai wenu."

"Bahari inakuja kesho, mzee wangu!"

"Ije. Tunajuana." Mlango unafungwa.

Eduvina anashika kiuno. Ana miaka sitini na mbili. "Nilidhani namtua mzigo," anasema baadaye, "kumbe namvua nguo mbele za watu."

Tena alipaswa kujua. Katika nyumba ile, wa kuomba siku zote alikuwa Otilia, mke wa Belarmino, na kikapu chake cha mikate. Mumewe alisimama nyuma yake akizungusha kofia mikononi. Otilia alifariki Machi.

Eduvina anausogelea mlango, anasema taratibu kwenye ufa wa mbao. "Nimekosa, mzee. Nisamehe. Hatujaja. Kila mtu yuko nyumbani kwake. Ukijisikia kututembelea, karibu."

Anarudi, anaketi juu ya jiwe kana kwamba ndiyo nyumba yake, anajimiminia chai yake ya mate kutoka kwenye chupa. Wengine wanatazamana, kisha nao wanajitafutia mawe. Mvua inaanza.

"Mama Eduvina," analalamika Nibaldo Barría, mvuvi asiyejua kunyamaza, "nyumba yako inavuja."

"Kaa kwako, Nibaldo. Ya kwangu yanakuhusu nini?"

Maji yanapanda. Maksai wanatoa mvuke puani. Kila mmoja anautazama ule mlango na kujifanya hautazami.

Hatimaye unafunguka. Belarmino anashuka kwa shida, amevaa koti la kanisani, mkononi kikapu cha Otilia. Ndani mna viazi vibichi, kwa kuwa mikate hajui kuoka. Anasimama mbele ya jiwe la Eduvina na kugonga nira ya Clavel.

"Hodi, jirani."

"Karibu, mzee! Pita, umelowa. Habari za siku nyingi?"

"Nimekuja..." Anakizungusha kikapu mikononi. "Otilia ndiye aliyeyajua haya maneno."

"Sema unavyoweza."

"Nimekuja kukuomba. Nyumba yangu inaingia majini. Naogopa kuiacha. Alifia mle." Anamkabidhi kiazi kimoja.

Eduvina anakipokea kwa mikono miwili. Machozi yanamtoka, wala hayafuti. "Tutakuja."

"Lini?"

"Nikimaliza mate."

Mzee anakwenda jiwe la pili, la tatu, kila mtu na kiazi chake. Kwa Nibaldo anasubirishwa. "Vumilia, mzee," anasema Nibaldo akisukuma hewa kwa bega, "mlango huu umevimba kwa mvua." Watu wanacheka mpaka maksai wanageuza vichwa. Belarmino naye anacheka, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Jioni, nyumba imepanda mlima juu ya magogo yake ikilia kila kiungo, na sasa imetulia pembeni mwa kanisa. Dhoruba ilipopita, zile nguzo za ufukoni hazikuonekana tena.

Sasa nyumba iliyo karibu zaidi na maji ni ya Eduvina. Anapanga kuihamisha Septemba, ardhi ikikauka. "Nimeombwa maisha yangu yote," anasema huku akimkuna Lucero shingoni. "Sijawahi kuomba. Naona aibu kama msichana." Ataanzia mlango wa Belarmino.

Mzee amezipata habari hizo. Yuko dirishani, anamenya viazi.

"Nitakwenda, kwa nini nisiende?" anasema. "Ila safari hii apige hodi kwanza."