Udi Niliopika Bila Pua

Nyumba ya wazee niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa Kingsbury, huku London, basi moja tu kutoka kwangu Queensbury, na wiki yangu ya kwanza pale meneja aliniita ofisini. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye haraka zake, na siku hiyo alizungumza kwa ule upole wa Waingereza unaomtoa mtu jasho. Akasema baadhi ya wazee wanakohoa nikipita. Nikajitazama. Nimeoga, yunifomu nimeipiga pasi, nywele nimezifunga. Akaharakisha kusema si uchafu, la, ni ile, ile... akapunga mkono hewani kama anafukuza nzi. Nikamwambia, "Ni udi." Akasema ndiyo, basi huo, tafadhali usije nao kazini.

Lo! Mwanamke wa Unguja umwambie asinukie udi? Bora angeniambia nije kazini bila viatu. Lakini kazi nilikuwa naihitaji, na binti yangu alikuwa bado mdogo, na baba yake keshakwenda zake. Nikasema sawa.

Ndipo nilipoanza kuishi watu wawili. Yunifomu na koti la kazi nikavifungia kwenye mfuko wa plastiki barazani nje, visikae na nguo zangu. Nikirudi kwenye shifti navua mlangoni, naoga, navaa dera langu na mtandio uliofukizwa, na hapo ndipo narudi kuwa mimi. Asubuhi naoga tena, najisugua kama sufuria, natoka sinukii kitu. Wenzangu kazini, Wakenya kina dada wa kanisani na Wagujarati wa hapo hapo Kingsbury, wakinikuta dukani Jumapili walikuwa hawanijui. Mmoja aliwahi kuniambia, "Kumbe wewe ni mrembo hivi?" Nikamjibu, "Wewe umezoea kuniona nikiwa nimezimwa."

Jumapili ilikuwa siku yangu ya kupika udi. Sikuwa nauza, naomba ieleweke. Watu walinishauri sana niuze, nikakataa, maana ukishauza unapangiwa na mnunuzi. Mimi nilipika kwa raha yangu, nikagawa kwa niwapendao. Udi wa kupika ni kazi ya mtu aliyetulia. Unayeyusha sukari kwa marashi ya waridi, unatia unga wa sandali na vijiti vya udi, unaongeza zafarani, miski na ambari, na kila kimoja kina wakati wake. Sukari ikipungukiwa na moto, udi haushiki. Ikizidi, umeungua, na ulioungua hautengenezeki. Na wakati huo hauonekani kwa macho. Mama yangu alipokuwa akikoroga alikuwa akigeuza uso ukutani kabisa, asitazame sufuria, anasikia harufu tu. Kisha ghafla, "Lete miski!" Ukichelewa unapigwa na mwiko.

Kwetu kila nyumba ilikuwa na udi wake. Mgeni akiingia, kabla hajakaa, ashajua yuko kwa nani. Mchanganyiko wa mama ulikuwa wa mama, na alipofariki ukawa wangu, na hapa London, kati ya wanawake wa kwetu, ulijulikana hivyo hivyo. Mtu akipita na mtandio wake wataambiana, "Huyo katoka Queensbury." Niseme kweli, hilo lilikuwa linanipa kiburi. Nilikuwa na kazi ya kubadilisha watu nepi na kuwalisha uji kwa kijiko, kazi ya halali, sikuionea haya, lakini hakuna aliyekuwa akinijua kwa hiyo. Nilikuwa najulikana kwa udi.

Sandali nilinunua kwa mzee mmoja wa Kigujarati pale Kingsbury Road, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake hakijaoza hata kidogo. Nikiingia tu husema, "Mama, leo sandali nzuri, haitakukasirisha." Nafungua mfuko, nanusa, namrudishia. Anacheka, anatoa mwingine chini ya meza. Ndiyo mchezo wetu.

Nyumbani adui alikuwa king'ora cha moshi. Fleti zile za kaunsili, nyumba za serikali ya mji, ukipasha mkate kinalia. Kila Jumapili nilikuwa nakivisha kofia ya plastiki ya kuogea, na binti yangu analalamika kwa Kiingereza kwamba siku moja tutakufa. Yeye Kiswahili anakielewa chote, hata umbea, lakini ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza. Nami simlaumu, ndiko alikozaliwa.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliofunga dunia. Sisi wa nyumba za wazee hatukufungiwa ndani, sisi tulipigiwa makofi ya shukrani tu barabarani. Niliupata kazini kama walivyoupata wengine, nikalala, nikakohoa, nikainuka. Nikamshukuru Mungu. Siku niliyopata nguvu nikasema leo najifukiza, nitoe harufu ya maradhi. Nikawasha makaa, nikatia udi kwenye chetezo, moshi ukapanda. Sisikii kitu. Nikadhani udi umechacha, nikatia mwingine. Nikainama mpaka joto likanichoma kope. Nikaenda jikoni nikatafuna karafuu. Mtu wa Unguja, natafuna karafuu, naona ulimi unakufa ganzi na hakuna harufu! Nikakaa chini sakafuni nikalia kwa sauti, binti yangu akaja mbio akidhani nimepigiwa simu ya msiba.

Daktari alisema kwenye simu kwamba itarudi. Ninuse limau kila asubuhi, ninuse karafuu, ninuse waridi, pua ikumbuke. Nikanusa. Miezi ikapita, kisha mwaka, na mwingine. Nikampigia tena, akasema kuna ambao hairudi. Alisema hivyo kama anayesema duka halina mkate. La kuvunda halina ubani, ndivyo wasemavyo kwetu, na mimi nilikuwa na ubani na udi juu yake, na havikunisaidia kitu.

Kazini, masikini mimi, nikawa mfanyakazi bora. Kila chumba kinachowashinda wenzangu pua, naitwa mimi. "Wewe husikii," wananiambia, wanacheka, wanakimbia. Meneja hakuniita tena ofisini. Siku moja alinisimamisha koridoni akaniambia ananishukuru kwa kufuata utaratibu wa manukato. Nilitamani nimrushie ndoo.

Nje ya kazini, niliyemwambia ni binti yangu peke yake. Wanawake wa kwetu nikawaficha. Sijui kwa nini, au najua: nikisema pua sina, basi mimi ni nani? Nikabaki kuwa yule wa nepi. Nikaendelea kupika udi kila Jumapili kama kawaida, kwa kutazama rangi ya sukari, kwa kuhesabu kimoyomoyo, na kwa pua ya mtoto. Namwita jikoni, namuuliza, "Unasikiaje?" Anasema vizuri. "Vizuri vipi? Ni mtamu? Ni mkali? Miski imetangulia au sandali?" Kwa lugha yake hana maneno ya hayo, na kwa yangu pia hana. "Ni vizuri, Mama." Na mimi ningefanya nini? Namimina kwenye sinia, nakata vipande, natia kwenye makopo, nagawa.

Na watu wakasifu. Wallahi walisifu kuliko zamani. Idi nilizunguka na makopo yangu, kila nyumba, "Mashallah, mkono wako haubadiliki." Nikirudi kwenye basi nilikuwa natabasamu peke yangu. Nilijiambia kumbe mkono unajua, pua ilikuwa pambo tu.

Aliyesifu zaidi alikuwa shoga yangu, mtu wa Pemba, mdomo wake hauna breki. Huyu ndiye rafiki yangu wa tangu nilipofika nchi hii, tumegombana mara nyingi na hatujawahi kununiana siku nzima. Bintiye alipoposwa akanijia mwenyewe na boksi la haluwa. "Shoga, harusi hii udi ni wako. Mwanangu hafukizwi na udi wa mtu mwengine."

Nilitaka kukataa. Nikikataa ataniuliza sababu, na yeye akiuliza haachi mpaka apate. Nikasema, "Wa nani tena kama si wangu?"

Nikapika udi ule kama mtu anayesali. Sandali nilimwachia mzee wa Kisumu anichagulie, nikamwambia nina mafua. Miski nikatia kidogo, nikaogopa ni kidogo mno, nikaongeza. Binti yangu nilimsimamisha kando ya sufuria mpaka akachoka. "Vizuri, Mama." Nikaufunga ndani ya kopo jipya, na utepe mwekundu juu.

Harusi ya wanawake ilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi, Southall. Nilivaa gauni la hariri ya zambarau nililoshona mwenyewe, na mtandio wa dhahabu. Niliwasili mapema, nikamkabidhi mdogo wake shoga yangu kopo jikoni, maana tulikubaliana yeye akae na makaa atie udi, na mimi nizunguke na chetezo. Ndiyo heshima yangu hiyo. Nikazunguka. Meza kwa meza, kila mwanamke anainua mtandio wake, anaukumbatia moshi, anafumba macho. "Mashallah! Udi wako huo!" "Ndio wenyewe!" Nami nawajibu, "Ahsanteni, ni mkono wa marehemu mama yangu." Nikajisikia mtu. Nilikuwa sijajisikia mtu siku nyingi.

Makaa yakaanza kufifia, mdogo wake shoga yangu simuoni, basi nikaingia jikoni mwenyewe nibadilishe. Nikatafuta kopo langu juu ya meza, halipo. Nikafungua kabati la chini kutafuta koleo, nikaliona. Liko nyuma ya chupa za sabuni, na utepe mwekundu vilevile nilivyoufunga mimi. Halijafunguliwa. Na juu ya meza, ubavuni mwa jiko, pana boksi la udi wa dukani, lile la rangi ya dhahabu linalouzwa kila duka la hapo Southall, limekwisha nusu.

Sikuelewa mara moja. Nilitazama chetezo mkononi mwangu, bado kinatoa moshi, nikaingiza uso wote ndani ya moshi ule nikavuta. Hamna. Nikavuta tena. Ingekuwa mvuke wa birika ningesikia hivyo hivyo. Saa nzima nimezunguka ukumbi mzima nikiwafukiza watu udi wa boksi, nikipokea sifa zake, nikimtaja na mama yangu.

Shoga yangu akaingia. Akaona kabati liko wazi. Hakujifanya.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Idi."

"Na wote wanajua?"

"Wanajua. Wanakupenda, shoga."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Ulivyokuja umesimama mlangoni na makopo yako, uso unakung'ara. Nikwambie nini mimi?"

Nikamuuliza udi wangu unanuka vipi. Yule asiye na breki akashika pindo la mtandio wake, akalikunja, akalikunjua.

"Umeungua," akasema. "Unanuka sufuria iliyoungua. Mwanzo nilikuwa nauchoma kila ukitaka kuja kwangu, ili ukifika uukute. Mpaka jirani wa juu akaja kugonga, kadhani nyumba inawaka."

Aliposema hivyo alicheka kidogo, kisha akalia. Mimi sikulia. Nilitaka kumkasirikia nikakosa pa kuanzia. Nilitaka na kumshukuru. Huko ukumbini vigelegele vikapanda, mtu akapiga kelele, "Udi uko wapi? Bi harusi anatoka!" Mlangoni alikuwa amesimama binti yangu na simu yake mkononi. Akanitazama, akatazama boksi, akainamisha macho. Naye alikuwa akijua.

Shoga yangu akafuta uso. Akachukua koleo, akatia kaa jipya kwenye chetezo, kisha akachukua kipande kutoka boksi la dhahabu. Hakukitia. Alikishika tu juu ya makaa, ananitazama, ananisubiri mimi niseme. Kopo langu liko pale pale kabatini, mkono wangu unalifikia. Nikamsogezea chetezo.

Nikatoka. Wanawake wakanipisha njia mpaka kwa bi harusi, na bibi yake aliyekaa ubavuni mwake, mzee wa Pemba aliyesafiri kwa ajili ya siku hiyo, akainua kanga yake, akauvuta moshi mpaka ndani ya kifua. Akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "hakuna kama wewe."

Nikamwambia, "Ahsante, bibi," nikamwinulia chetezo karibu zaidi, apate vizuri.