Siku Shangazi Alipopewa Kikombe Kwanza

Baba yangu alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la matofali kule Lweba, na aliamini kwamba walozi wapo. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaosikia habari ya shangazi yangu hudhani baba alikuwa mtu asiyejali uchawi. Hapana. Aliuogopa kama majirani wote walivyouogopa. Tofauti yake na wao ilikuwa jambo moja: alikuwa amesoma katika Biblia kwamba mtu asihukumiwe kwa neno la shahidi mmoja, naye hakulegeza agizo hilo kwa ajili ya yeyote. Mbuzi akiibwa na waumini wakamletea mtuhumiwa, aliuliza, "Nani aliona? Na wa pili ni nani?" Mara nyingi kesi iliishia hapo, na mwenye mbuzi akaenda zake akinung'unika.

Shangazi alikuwa dada yake mkubwa. Hakujaliwa kuzaa. Mume wake alipofariki, ndugu wa mume walimrudisha kwetu na godoro lake na masufuria yake, akapewa chumba nyuma ya jiko. Alisonga bukari, ugali wetu wa muhogo, alitwanga majani ya sombe, alianika samaki wadogo wa ndagala. Hakuwa mtu wa kupendeza watu. Alizoea kuongea peke yake akifagia uwanja alfajiri, na mama yangu hakuipenda tabia hiyo.

Mwaka niliomaliza sekondari, nikiwa nyumbani nangoja matokeo ya mtihani wa taifa, mdogo wangu wa mwisho alishikwa na homa. Alikuwa msichana ambaye hata shule hajaanza. Baba alikuwa amepanda mlimani Fizi kwenye mkutano wa wachungaji. Kesho yake mtoto akaanza kukakamaa na macho yakageuka. Mama alimfunga mgongoni, akasimamisha pikipiki ya abiria, nami nikapanda nyuma yao. Nilidhani tunakwenda hospitali ya Baraka, mji wa jirani. Tulikwenda kwenye chumba cha maombi, hukohuko Baraka.

Kilikuwa nyumba ya mbao, imejaa wamama waliokaa kwenye mikeka. Nabii wa pale alikuwa mwanamke wa rika la mama, mwenye sauti ya chini. Aliweka mkono juu ya mtoto, akafumba macho, kisha akasema:

"Mama, iko muntu ndani ya nyumba yenu. Hana mutoto. Anawapikia chakula."

Hakutaja jina, wala hakuhitaji.

"Mama, twende hospitali," nilisema.

"Ngoja kwanza," alisema mama. "Sindano haitoe kitu chenye muntu ametuma."

Nilitoka nje nikampigia baba simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mupelekeni hospitali sasa hivi. Ambia mama yako ni mi nimesema." Mama alitii, kwa kuwa aliyesema alikuwa mume wake, tena mchungaji. Si kwamba alisadiki.

Hospitalini walimwekea mtoto serumu, maji ya dawa ya mshipani. Daktari, kijana mwembamba, alieleza kwamba malaria imepanda kichwani, na kwamba malaria huletwa na mbu. Mama alimwuliza kwa heshima:

"Sawa, dokta. Na ule imbu, nani alimutuma?"

Daktari alirekebisha mpira wa serumu akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nimelifikiria swali lile kwa miaka mingi, maana sasa ninafundisha biolojia Baraka, na wanafunzi huniuliza hilohilo kwa maneno mengine. Si swali la kijinga. Mama alifundishwa kanisani tangu utotoni kwamba hakuna linalotokea bila mtu kulikusudia, awe Mungu au adui. Lakini shule niliyojifunzia habari za mbu ilikuwa ya kanisa pia, na mwalimu wetu alifungua kila somo kwa sala. Chumba cha maombi kilitumia Biblia. Baba naye, kwa kuuliza mashahidi, alitumia ileile. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama dini imetusogeza mbele au imeturudisha nyuma, huwa nashindwa kumpa jibu fupi.

Baba alishuka Lweba akakuta habari imemtangulia. Wazee wa kanisa walimngojea sebuleni kwetu. Mimi nilikuwa nimerudi kuchukua nguo za mtoto, nikawasikia kutoka chumba cha pili.

"Pasta," alisema mkubwa wao, "ule mama, dada yako, atoke. Roho imeonyesha."

"Roho ilimuonyesha nani?"

"Nabii."

"Huyo ni mumoja. Mwingine ni nani?"

Mmoja wao akasema amemwona shangazi alfajiri akizunguka mlango wa mtoto huku anaongea.

"Alikuwa na kitu mukononi?"

"Ufagio."

"Kila siku anafagia," alisema baba. "Mi sikatae, walozi beko. Lakini mu kanisa hii hatufukuze muntu juu ya ufagio."

Waliondoka bila kumpa mkono. Shangazi alikuwa jikoni muda wote huo, na ukuta ulikuwa wa miti na udongo. Alisikia kila neno. Jioni ile alipika, lakini hakuna jirani aliyekuja kula kama ilivyokuwa desturi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kanisa letu lilikuwa na kikombe kimoja cha chuma, kikijazwa sharubati nyekundu ya dukani. Kwa kawaida wazee walikunywa kwanza, halafu wanaume, halafu wamama. Siku hiyo baba alikishika kikombe, akawapita wazee, akaita mbele ya watu wote:

"Dada, kuya hapa."

Shangazi alitoka kwenye benchi la nyuma akijifuta mikono kwenye kitenge, kana kwamba ameitwa kutoka jikoni. Alikunywa. Baba alikipokea kikombe, hakukifuta, akakinywea palepale midomo ya shangazi ilipokuwa. Kisha akakinyoosha kwa watu, akasimama.

Hakuna aliyeinuka. Wimbo uliokuwa umeanzishwa ulikatika wenyewe. Watu walikuwa wanamtazama baba usoni. Mwishowe mama mmoja muuza samaki aliinuka, akaenda, akanywa. Baadaye nilimwuliza kilichompa moyo, akajibu bila aibu, "Nilimuangalia Pasta. Hakuanguka." Wengine walimfuata, lakini si wote. Waliotoka nje bila kunywa walikuwa wengi, na baadhi yao hawakurudi kwetu tena. Walikwenda kusali kwenye kile chumba cha Baraka.

Mama yangu alikuwa amekuja asubuhi hiyo kutoka hospitali, akimwacha mtoto na mama yake mdogo. Alibaki ameketi. Hakunywa. Baba alimaliza ibada kana kwamba hakuona, na nyumbani hawakulizungumza mbele yetu.

Mtoto alipona. Sikio moja halikurudi kusikia vizuri mpaka leo, na mama alilichukua hilo kama ushahidi, baba akalichukua kama malaria. Mama aliendelea kuja kanisani kwa baba asubuhi na kwenda kwenye chumba cha maombi siku za katikati ya juma, na chakula alichopika shangazi hakukigusa. Lakini siku moja, akiwa na haraka ya kwenda kulima, alimfunga mtoto mgongoni mwa shangazi, akakaza fundo la kitenge, akachukua jembe lake akaondoka. Tangu hapo alikula tena chakula cha shangazi.

Mimi nilidhani shangazi ndiye pekee ambaye hakuwa na shaka. Miaka kadhaa baadaye, tukitwanga sombe pamoja, nilimwambia kwamba alikaa kwa ujasiri siku ile ya kikombe.

"Ujasiri gani?" alisema. "Mi nilikuwa naogopa. Banasema mulozi anaweza kutoka mu usingizi, na yeye mwenyewe hajue. Nilijiuliza, pengine ni mi kweli. Wakati baba yenu alikunywa, na mi nilimuangalia kama ataanguka."

Nilimwuliza ni lini aliacha kujiuliza.

"Wakati mama yenu alinipa mutoto," alisema, akanisogezea kinu.

Sasa shangazi anakaa Fizi kwa binti wa ndugu yetu, kwa kuwa hewa ya mlimani inamfaa kifua chake. Baba alistaafu, na mchungaji aliyemfuata Lweba ameleta vikombe vidogo vya plastiki, kila muumini na chake.