Kapu la Mama Mbele ya Wageni

Nakumbuka Ijumaa moja kule Jeddah, nimesimama mlangoni na sinia la chai, magoti yakigongana kama vikombe vyenyewe. Nilikuwa msichana mwenye cheti cha fomu foo na ujasiri wa kuku. Cheka tu, mwanangu, wewe unayeanza kuwatungia watoto, nawe una mlango wako unakungoja.

Kazi yangu ilikuwa Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, kumlea Lulu, binti mdogo wa madam. Mimi ni mtu wa ndani tangu kuzaliwa. Wenzangu wakitoka Ijumaa kuzurura madukani Olaya, mimi na Lulu tulibaki tukitunga mashairi: yeye anasema mstari wa Kiarabu, mimi namjibu kwa Kiswahili. Kiarabu kilikunywa chai, Kiswahili kiliichuma, maana mama yangu alikuwa mchuma chai Kericho, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu hata siku ya Krismasi.

Madam aliyapenda mashairi yetu, akataka Lulu ayaghani kwa bibi yake Jeddah. Ila Kiswahili, akasema, halas, basi. Wageni hawaji kusikiliza habari za vibarua. Akanikumbusha kwamba ikama yangu, kibali cha kukaa nchini, huongezwa muda na kafili, yaani mdhamini wangu, na kafili ni mumewe. Nikaitikia upesi, nikamkaririsha Lulu mistari yake peke yake.

Mama Moraa, mpishi wetu, Mkisii aliyenizidi umri na ulimi, akaacha kumenya vitunguu. "We msichana, sasa hiyo chai imejichuma yenyewe?"

Nikajitetea kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu.

"Basi busu," akasema. "Lakini usimbusishe na mama yako."

Ndipo ikafika Ijumaa hiyo, kule Jeddah kwa bibi. Lulu akasimama mbele ya wageni. "Shai hilu, shai hilu," chai tamu, chai tamu. Kisha kimya. Hakuwa amesahau, alikuwa akiningoja, kama tulivyozoea. Akanitazama pale mlangoni. Madam naye akanitazama, kwa jicho lingine.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikajibu kwa sauti ya kuitia ng'ombe:

"Nani kachuma? Mama yangu, kapu mgongoni, umande miguuni."

Lulu akacheka, akaendelea. Tukamaliza shairi zima, mistari yake na yangu, chai ikipoa mikononi mwangu.

Ikama haikuguswa. Adhabu yangu ilikuwa kunyimwa ruhusa ya kutoka Ijumaa mpaka madam apoe. Yaani chura kaadhibiwa kwa kutiwa bwawani. Tukatunga mengine.

Mwanangu, ukiwatungia watoto, watungie kwa lugha zako zote, na umtaje aliyeinama shambani. Mwacha asili ni mtumwa, hata awe na ikama safi. Watakuomba ukate mstari mmoja tu, mdogo, usiwakere wageni. Kataa. Magoti yakigongana, yaache yagongane, mdomo useme. Mungu akupe sauti ya kuitia ng'ombe, akupe na mtoto wa kukungoja umjibu. Amina.